Kichwa Kimepinda

Ujumbe nilioutuma kwenye kundi la familia ulikuwa na maneno kumi, na sikukosea hata herufi moja: "Kichwa kimepinda na kina ufa. Kesho kinapelekwa mjini kukwanguliwa. Niombeeni." Viambishi vilipatana, nukta zilikaa mahali pake. Niliiweka simu kwenye chaji nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu. Kosa lilikuwa moja tu, nalo halikuwa la sarufi. Nilisahau kutaja gari.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya watoto wa wenyewe nikiipigania ngeli ya LI-YA: si "gari imeharibika", ni gari limeharibika, si "magari zimeharibika", ukirudia utasimama nje. Neno la Kiingereza lililovishwa kanzu na kofia ili lifanane na la kwetu nalitambua kutoka mbali, na nalizungushia wino mwekundu. Makanika hawajawahi kuketi darasani kwangu, na mimi sikuwahi kuketi kwao. Ndiyo maana tulichelewa kuelewana.

Gari lenyewe ni Toyota 110, jeupe, nililouziwa na mwenzangu wa Hisabati alipostaafu. Mwalimu wa Hisabati hauzi kitu kabla ya kupiga hesabu, na hilo nilipaswa kulitafakari mapema. Lakini 110 ni gari la watu. Kila mtaa una fundi anayelijua, na kila fundi analijua kwa namna yake.

Jumatatu hiyo nilitoka mjini saa kumi na moja jioni, kwenye kiti cha abiria nimepakia insha arobaini na tatu za Kidato cha Nne. Manyunyu yalikuwa yameanguka kidogo, na Nairobi manyunyu yakianguka magari husimama kana kwamba yanapisha jeneza. Globe hadi Museum Hill nilitumia dakika arobaini. Juu ya vichwa vyetu, kwenye ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022, wenye pesa walipita wakinguruma. Sisi wa chini tulisogea kwa kuviziana, tairi moja baada ya jingine, huku muuza njugu akitupita kwa miguu mara tatu.

Sasa mshale wa joto. Kwenye gari langu mshale huo hulala chini kidogo ya katikati, na mambo yakiwa sawa unaweza kumaliza mwaka bila kuuona ukitikisika. Jioni hiyo ulianza kupanda polepole, kama mtu anayeingia nyumbani usiku wa manane asitake kuwaamsha watu. Nilifanya anachofanya mwenye gari yeyote tarehe kumi na nane ya mwezi: nilitazama pembeni. Nikajiambia aliyekosea ni mshale, si injini. Nikaongeza sauti ya redio. Kutoka Museum Hill kwenda Westlands ni mlima, na nilipoumaliza mshale ulikuwa umefika kwenye H, umeketi hapo kwa starehe, nami bado nasikiliza habari za michezo. Karibu na ABC makanga wa matatu alichungulia dirishani kwangu. "Mdosi, unachoma mbuzi na hujatualika?"

Nilijikokota hadi Kangemi, nikaegesha karibu na kituo, nikafungua boneti. Kifuniko cha rejeta kilikuwa moto, nami sikuwa na kitambaa cha kukishikia. Basi nikachukua insha tano za juu, nikazikunja, nikakishika kwazo, nikakizungusha.

Kifuniko hicho, nimekuja kujua, hakikuwekwa pale kuzuia vumbi. Kazi yake ni ile ile ya kifuniko cha sufuria ya presha. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huku maji hutokota yakifika nyuzi 94 hivi, hayangoji 100 kama ya Mombasa. Ndiyo sababu maharagwe ya Nairobi hula makaa ya siku mbili wakati wenzao wa Likoni wameshakula na kulala. Injini nayo hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Bila kifuniko cha kuyabana, maji yangetokota kila ukipanda mlima wa Westlands. Yakibanwa vizuri hupita nyuzi 110 yakiwa yametulia. Ukiyafungulia ghafla yote hukumbuka kwa pamoja kwamba yalistahili kuwa mvuke.

Mvuke ulinipiga kwenye paji la uso, ukaruka juu ya meko ya mahindi choma, na insha zikaanguka matopeni zikiwa zimeiva. Ya juu kabisa ilianza, kama zianzavyo zote, kwa "Siku ya kufa nyani miti yote huteleza". Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiipiga mstari sentensi hiyo na kuandika pembeni: tafuta methali nyingine. Jioni ile mimi mwenyewe sikuwa na nyingine.

Watu wakajaa. Nairobi hakuna asiye fundi. Kuna walio kazini na wanaopita njia. Mwenye mahindi alisema ni feni. Wa bodaboda akasema ni wota pampu, na aliapa kwa jina la mama yake. Mzee mmoja mwenye mwavuli alinishauri nivunje yai ndani ya rejeta, ute wake utaziba panapovuja. Mwingine akampinga: bizari ya manjano, vijiko viwili, aliwahi kutoka Malaba nayo hadi hapa bila kuongeza tone la maji. Niliwasikiliza mpaka njaa ikaniuma. Tukiwa katika mjadala huo, kijana mmoja mwenye huruma kuliko wote, ambaye hakuwa amesema neno, alikuja na mtungi wa maji baridi wa lita tano akaumimina wote ndani.

Injini ikalia: "tinn".

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ile ya glasi iliyooshwa kwa maji baridi ukaitia chai ya moto. Umati ulinyamaza, kisha kila mmoja akakumbuka alikokuwa akienda.

Gereji nililosukumiwa gari ni uwanja ulio nyuma ya mabati, chini ya mparachichi, ardhi yake nyeusi kwa oili ya miaka. Fundi mkuu ni mzee mpole anayefanya kazi zake nyingi akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kando yake alisimama spanaboi wake, ovaroli imemzidi kimo, akanikodolea macho.

"Mwalimu!"

Nilimtambua kabla hajamaliza kutabasamu. Kwenye mtihani wa majaribio nilimpa D.

"Imefanya nini?" aliniuliza.

"Limechemka," nilisema, nikibonyeza kiambishi. "Na maji yanapungua."

"Imeboili," alimwambia mzee wake, akinitafsiria.

Mzee hakuwa na haraka. Aliiacha injini ipoe, akaenda kunywa chai, akarudi, akapapasa bomba la juu la rejeta. Halafu akauliza swali moja: "Nani alitoa thamostati?"

Niliinamisha kichwa. Julai iliyopita, fundi mwingine wa mtaa mwingine, ambao sitautaja, aliichomoa thamostati ya gari hili akaitupa kwenye nyasi. "Mwalimu, hii ni ya nchi za baridi," alinielimisha. "Huku kwetu kuna jua." Alisema hayo akiwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, mikono ameinyooshea moto wa makatoni, maana Julai ya Nairobi haina masihara na mtu. Nami nilimshukuru, nikamlipa, na nikawashauri walimu wenzangu wawili watoe za kwao.

Kumbe thamostati ya Toyota ya aina hii ina kazi mbili. Joto likipanda hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na kwa tendo hilo hilo huziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini kabla hayajapoa. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka humo humo ndani bila kuonja upepo. Vitabu vya matengenezo vya Toyota vyenyewe vinaonya usiitoe hata kama injini ina mazoea ya kuchemka. Mzee wa Kangemi hakuwa amevisoma. Alikuwa amefungua 110 nyingi zilizochemka, basi. Alichovya kidole kwenye maji ya rejeta, kikatoka na rangi ya Mto Nairobi baada ya mvua. "Na maji ya bomba juu," alisema. "Kulanti huwa unaiona wapi, kwa televisheni?"

Uchunguzi wenyewe haukuchukua muda, na naueleza kwa kuwa nimeona wahadhiri wakichukua muda mrefu zaidi kugundua machache zaidi. Kijana alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza anionyeshe. Chini yake palikuwa na utando mzito, rangi yake ile ya chai ya maziwa iliyokaa kwenye birika toka asubuhi. "Hii imekunywa chai," alisema. "Imekosa mandazi tu." Maji yalikuwa yamepata njia ya kuingia kwenye oili. Kisha wakaacha rejeta wazi, mzee akapiga stata, na viputo vikapanda mfululizo kama soda iliyotikiswa: mlipuko wa ndani ya silinda ulikuwa ukipenya kwenye maji. Mwishowe wakachomoa plagi zote nne wakazipanga juu ya gazeti. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia, zimechakaa kama viatu vya mwalimu. Moja, ya silinda ya tatu, ilikuwa safi, inang'aa.

"Angalau hii ni nzima," nilisema.

Mzee alinitazama kwa muda. Plagi safi ndiyo mgonjwa. Silinda ile ilikuwa ikivuta maji, na maji yakigeuka mvuke yalikuwa yakiisugua kila mzunguko. Ningepaswa kujua. Daftari lisilo na doa wala kunjo nalifahamu: mwenyewe hajaandika kitu tangu Januari.

"Ni hedi," mzee alisema.

"Kichwa cha silinda," nilisema, kwa mazoea.

"Hedi," alirudia kijana wa D, taratibu, kama mtu anayemsaidia mtalii. "Sema hedi, mwalimu. Ukienda mjini useme unatafuta kichwa, watakuelekeza kwa kinyozi."

Sikusema. Miaka kumi na tisa si mchezo.

Kesho yake nilipomaliza vipindi niliwakuta wanaifungua. Hedi ya injini hii imefungwa kwa boliti kumi, na hazifunguliwi ovyo: unaanza na za pembeni ukielekea katikati, kila moja unailegeza kidogo kidogo, maana ukikosea mpangilio unaipinda kwa mkono wako mwenyewe. Kijana alikuwa na kipande cha katoni ya maziwa alichokitoboa matundu kumi, safu mbili, matano matano. Kila boliti iliyotoka aliichomeka kwenye tundu la mahali ilipotoka. Nilikitazama kile kikatoni, nikakumbuka daftari lake, nikaona aibu ambayo sikujua ni ya nani.

Hedi ikanyanyuliwa. Gasketi iliyobaki chini ilikuwa na mstari mweusi, umeungua, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Mzee aliisafisha hedi kwa petroli, akalaza rula ya chuma juu yake kutoka pembe hadi pembe, akawasha taa ya simu upande wa pili. "Inama uone." Niliinama. Chini ya rula, katikati, mwanga ulikuwa ukipita, mwembamba kama uzi wa buibui.

Kisha akatoa fila geji, kile kifurushi cha vyuma vyembamba vilivyofungwa pamoja kama kurasa. Kwa injini hii hedi haitakiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05. Karatasi ya mtihani, ile ya kawaida ya kupigia chapa, ina unene wa milimita 0.1 hivi. Maana yake, hedi ikipinda kwa nusu ya unene wa karatasi, haifai. Ya kwangu ilimeza chuma cha 0.15. Karatasi moja na nusu! Insha ya karatasi moja na nusu mimi huirudisha nikaandika "fupi mno".

Mzee alinieleza sababu huku akinifutia mahali pa kuketi. Bloku ya chini ni chuma, hedi ni alumini. Vyote vikipata moto, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Nayo imefungwa kwa boliti kumi, haina pa kwenda. Ikikosa pa kwenda, inajikunja. Kisha akanionyesha, kati ya viti viwili vya valvu za silinda ya tatu, unywele mweusi. Haukuwa unywele. Ndiyo ile "tinn".

Usiku huo ndipo nilipoketi kuandika ujumbe. Nilitaka familia ijue kwa nini sitachangia kwenye mazishi ya Jumamosi. Nikaichukua ripoti ya gereji nikaitafsiri kwa Kiswahili sanifu: hedi ni kichwa, kraki ni ufa, kuskimu ni kukwangua. Nikatuma. Nilichokuwa sijui ni kwamba mpwa wangu anayesomea chuo kikuu na kuishi nami alikuwa ameniona nikiingia na kitambaa kibichi nimejifunga kwenye paji la uso, kwa sababu ya ule mvuke, na watu walipomuuliza kama ni kweli, alijibu: "Ni kweli. Amekifunga na kitambaa. Anaongea vizuri lakini."

Jumatano asubuhi niliomba ruhusa shuleni, tukapanda matatu kwenda mjini, mimi na kijana wa D, hedi tumeifunga kwa sweta kuukuu nimeipakata. Makanga aliitazama, akaitoza nauli. "Inakalia nafasi ya mtu," alisema, ingawa ilikuwa imenikalia mimi. Kufika Westlands simu ikaanza kulia ndani ya mfuko. Nimepokea shilingi mia tano kutoka kwa Senje, shangazi yangu wa Kakamega. Nimepokea elfu moja kutoka kwa binamu. Mia mbili kutoka kwa bibi mmoja wa kanisani ambaye sijaonana naye tangu kipaimara. Museum Hill zikawa elfu sita. Ndugu yangu mdogo aliye Doha akatuma elfu kumi kwa mkupuo mmoja na neno "Jikaze". Nilimwonyesha kijana skrini, machozi yakinilengalenga. Nimekuwa na gari hilo miaka minne, familia yangu haijawahi kulinunulia hata hewa ya tairi.

Tulishuka, tukaikata River Road kuteremka Kirinyaga Road. Kama hujafika huko, ni pale chini kuelekea mtoni, mkabala na Ngara, ambapo kila mlango ni duka la spea na kila mtu aliyesimama mlangoni anakuita ndugu. Wazee bado hupaita Grogan, jina la zamani la barabara hiyo, kwa ajili ya Ewart Grogan, yule Mwingereza anayesifiwa kwa kuivuka Afrika kwa miguu kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900, ili baba wa kambo wa msichana aitwaye Gertrude amwone ni mwanamume. Alimpata, hospitali ya watoto ya Gertrude's kule Muthaiga ina jina la mke huyo. Mimi nilikuwa nimetoka Kangemi tu, na nilichokuwa nikitafuta ni gasketi, lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi na nilimwelewa Grogan kuliko nilivyomwelewa darasani.

Fundi wa mashine, katika karakana ya nyuma yenye kelele, aliziba matundu yote ya njia za maji kwa mipira na vibati, akaitumbukiza hedi kwenye tangi la maji moto, akaipuliza hewa ya kompresa. Tulisimama watatu tukiangalia. Viputo vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye ule unywele, kimoja kimoja, kwa adabu.

"Naweza kuichomelea kwa agoni," alisema. "Lakini kwa vile ufa uko kati ya valvu, utanirudia. Nunua eksi-Japani."

Eksi-Japani ilipatikana mlango wa nne. Muuzaji aliapa imeshuka melini juzi, haijaguswa na mkono wa Mkenya. Kijana wa D alitoa rula ya chuma kutoka kwenye suruali yake, jambo ambalo silielewi hadi leo, akailaza juu ya hedi. 0.08. Bei ikashuka elfu tatu bila mtu kusema neno. Tukairudisha kwa fundi wa mashine aipime kwenye tangi, haikutoa kiputo, akaifunga kwenye meza akaanza kuikwangua. Kisu kilipita mara moja, polepole, na nyuma yake alumini ikabaki inameta kama sarafu mpya. Ni kitu kizuri kukitazama. Nilikuwa nakitazama Senje alipopiga.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Niko mjini, Senje. Niko kwenye mashine." Kelele ilikuwa nyingi, nikapaza sauti.

"Ee Yesu. Wamesemaje?"

"Wamesema changu hakifai tena, ufa umefika ndani. Lakini usiwe na wasiwasi. Nimepata kingine."

Kimya.

"Kingine nini?"

"Kichwa, Senje! Cha mtumba, kutoka Japani. Wanakisugua kidogo tu kikae sawa. Kesho fundi anakifunga."

Nilisikia kitu kikianguka, kisha sauti za wanawake kadhaa kwa mbali, kisha wimbo wa kanisani, ule wa msiba. Nikadhani mtandao umeingiliana.

Dakika mbili baadaye ikaingia simu ya Doha. Ndugu yangu hakunisalimu. "Nipe daktari." Nilidhani ni utani wa Kiarabu, nikampa fundi wa mashine simu. Fundi alisikiliza huku mkono mmoja ukiwa kwenye mashine, akakunja uso, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Huyu? Yuko sawa, anakunywa soda," alisema. "Ni hedi. Hedi ya gari. Hedi, bro."

Neno moja. Ufafanuzi wangu wa maneno kumi uliokuwa umewapeleka watu kanisani usiku wa manane, yule bwana aliusahihisha kwa silabi mbili, na ndugu yangu aliye maelfu ya kilomita mbali akaelewa papo hapo. Aliyoyasema baada ya kuelewa sitayaandika hapa. Kijana wa D alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtetemeka.

Mambo mengine ni ya haraka. Gasketi nilinunua ya elfu nne na mia tano badala ya ile ya mia tisa iliyokuwa kwenye pakiti yenye makosa matatu ya tahajia. Mzee alitaka kukaza boliti kwa mkono, "mkono wangu una kipimo", lakini nilikataa kwa ukali ambao sikuutumia mahali popote pengine katika mkasa huu, na tukaazima spana ya kupimia nguvu kutoka gereji moja la Westlands. Ilibidi kuanza na boliti za katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kisha kila moja robo mzunguko, na robo tena, zikiwa zimewekwa alama ya rangi ili asiwepo wa kusingizia. Thamostati mpya tuliijaribu kwenye sufuria ya mama wa chai aliye ng'ambo ya pili ya barabara. Tuliining'iniza kwa uzi, na maji yalipokaribia kutokota ilifunguka taratibu, kama kobe anayechungulia. Mama yule alituuliza kama kitu hicho ni cha kuongeza ladha, akatutoza bei ya vikombe viwili.

Rejeta ina kulanti nyekundu sasa. Mshale umelala mahali pake.

Fedha ndizo zilileta kikao. Zilikuwa zimefika elfu kumi na nane na mia nne, na zote zilikuwa zimeingia kwenye injini kabla hatujajua ni za matibabu. Ndugu yangu alitaka zirudishwe. Mama akasema sadaka ya mgonjwa hairudi, ikirudi ugonjwa nao unarudi. Baada ya wiki mbili za ujumbe wa sauti iliamuliwa kwamba gari si langu tena peke yangu, ni la ukoo, na Desemba nitaendesha kutoka Nairobi hadi Kakamega na nikifika nitakuwa dereva wa kila mtu aliyechanga, kwa harusi na matanga, mpaka Januari. Senje ndiye atakayekaa mbele. Kila Jumapili hunipigia kuniuliza kichwa kinaendeleaje, na sijui kama anacheka.

Kwa hiyo Desemba, ukiwa kwenye Waiyaki Way ukaona 110 jeupe kando ya barabara, boneti wazi, na ndani mama mmoja ameshika kuku, tafadhali, ndugu msomaji, hata ukiwa na huruma kiasi gani, usije na mtungi. Tuache tupoe nusu saa. Na ukiulizwa na wapita njia ni nini kimeharibika, waambie ni hedi.